Katiba ya Zanzibar: nakala ipi inafaa?
Kwa anayetaka kujua kazi ya Rais wa Zanzibar, kijitabu cha Katiba ya 1984 ndiyo pa kuanzia. Kabla ya kulipa, hakikisha kina marekebisho ya 10 ya 2010. Ukikuta bado kuna Waziri Kiongozi, cheo kilichofutwa na marekebisho hayo, rudisha. Hiyo ni ya zamani na itakupotosha kabisa. Mpya ina Makamu wa Rais wawili: wa Pili ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi. Kifungu cha 26 kinamtaja Rais kuwa Mkuu wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, yaani baraza la mawaziri la Zanzibar. Upungufu mmoja mkubwa wa kijitabu hiki: kwamba Rais wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano kumeandikwa kwingine, katika ibara ya 54 ya Katiba ya Muungano. Nunua zote mbili.