Karatasi za kuchapa kwa jua: nimezitumia na watoto wadogo, maoni yangu haya hapa

Kwa wale wanaotafuta kitu cha kufanya na watoto likizo hii ya kiangazi zaidi ya chaki na mapovu ya sabuni, hii pakiti ya karatasi za kuchapa kwa jua nimeitumia vya kutosha na wangu wawili, mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu na ushee, na naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya vitu vingine vilivyomo kwenye boksi, karatasi zenyewe hazina shida hata kidogo.

Kama hujawahi kuziona, ni karatasi zilizopakwa dawa. Unatoa moja kwenye mfuko mweusi, unapanga jani au unyoya au chochote juu yake, unaipeleka juani dakika chache, unairudisha unaisuuza kwa maji ya kawaida, basi. Palipopigwa na jua panakuwa bluu iliyokoza, palipofunikwa panatoka peupe. Hakuna rangi ya kumwagika kwenye kochi, hakuna gundi, hakuna mkasi, na hakuna glita jamani, glita ambayo unaendelea kuiokota kwenye nywele za mtoto mpaka shule zinafunguliwa.

Ila kinachoniuzia hii kitu ni pale kwenye maji. Karatasi ikiwa mpya ina bluu nyepesi, ukiiweka juani ile bluu inafifia huku unaiangalia, pembeni ya jani panazidi kupauka mpaka karibu peupe, chini ya jani bado kuna bluu yake. Kwa hiyo ukitoa jani unaona kivuli cha bluu kwenye karatasi nyeupe na mtoto anajua ndo imeisha hiyo. Sasa izamishe kwenye beseni. Ile bluu ya chini ya jani inaoshwa inaondoka, panakuwa peupe kabisa, na kule kulikopauka bluu inaanza kuingia, kwanza kwa mbali, halafu inakolea, na ikikauka ndo inakolea zaidi. Yaani picha inajigeuza yenyewe ndani ya maji na hakuna mtu aliyeigusa. Mdogo wangu aliinama pua ikawa karibu kugusa maji akawa anasema "inarudi, inarudi", mkubwa yeye anauliza nani anaipaka, na nikimwambia ni jua anakataa, anasema jua liko nje sisi tuko ndani. Hoja yake ina uzito ukiifikiria.

Kwa watu wazima maelezo yake ni hivi. Ile dawa ina chumvi mbili zenye madini ya chuma. Miale ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikiipiga moja inabadilika, inaungana na mwenzake wanatengeneza bluu ya Prussia, rangi ambayo haiyeyuki kwenye maji. Pale ambapo miale haikufika zile chumvi zinabaki kama zilivyo na maji yanaziondoa. Aliyevumbua njia hii ni John Herschel, mwanaastronomia wa Uingereza, mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa huko huko, akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani, picha zote kazichapa kwa jua, na wengi wanakihesabu ndo kitabu cha kwanza kuwa na picha za fotografia. Baadaye mafundi na wahandisi wakaitumia miaka na miaka kunakili ramani za majengo, ndo maana zile ramani za zamani ni mistari myeupe kwenye bluu. Kwa hiyo mtoto wako akiwa anachapa jani la mti kwenye beseni la kufulia anafanya kilekile, haijabadilika sana.

Najua kuna mzazi atageuza boksi asome yaliyomo, akute potasiamu ferisianaidi, aone hiyo "sianaidi" hapo katikati, airudishe dukani. Tulia kwanza. Hiyo sianaidi imeshikwa sana na chuma na kwa matumizi ya kawaida haiachii, sumu yake ni ndogo, usiichanganye tu na asidi kali wala usiichome moto. Hata hivyo sio kitu cha kutia mdomoni, mikono inaoshwa baada ya kazi, na maji ya kusuuzia yanamwagwa palepale mkimaliza, yasikae kwenye beseni mtoto mwingine aje kuyachezea. Na nguo nyeupe zivuliwe mapema, tone la maji hayo likikauka juani kwenye fulana nalo linachapa.

Ndo maana kwenye umri nakubaliana na boksi nusu nusu. Wameandika kuanzia miaka mitano. Mtoto ambaye bado kila kitu kinapitia mdomoni, hapana, subiri. Wa miaka mitatu au minne anaiweza ukiwa naye bega kwa bega, anaokota, anapanga, anachezesha maji, kinachomshinda ni kusubiri pale katikati, maana atanyanyua jani aone kama limeiva, na akilinyanyua mara moja tu picha inatoka na kingo mbili mbili. Dawa niliyoipata ni kumpa cheo. Mdogo wangu ni mlinzi wa kivuli, kazi yake kuhakikisha hakuna mtu anayesimama kati ya jua na karatasi. Sio cheo cha uongo, ni kazi ya kweli kabisa, kwa sababu watoto wote wanafanya kitu kimoja, wanainamia karatasi waone vizuri halafu vichwa vyao vinatia kivuli na nusu ya picha haitoki. Sasa hivi ananifokea hata mimi.

Tukija kwenye malalamiko. Ndani ya boksi kuna karatasi 12, ukubwa wake kama kiganja cha mtu mzima, na kipande kimoja cha plastiki ngumu inayoonyesha cha kubania majani yasiruke. Kimoja! Kwa watoto wawili! Aliyepanga hivyo hajawahi kukaa na watoto wawili chumba kimoja, sitaki kuambiwa vingine. Tena hiyo plastiki inachunika upesi, na mikwaruzo inaonekana kwenye picha. Mfuko mweusi haufungiki tena ukishaufungua, inabidi uukunje na kubana kwa kibanio cha nguo, la sivyo mwanga unapenya na karatasi za juu zinaanza kupauka zikiwa humo humo. Na maelekezo ni maandishi ya siafu, wanakwambia weka juani dakika moja mpaka tano, basi, habari ya mawingu hawaigusi.

Mi nimeacha kuangalia saa, naangalia rangi. Sehemu isiyofunikwa ikipauka karibu kuwa nyeupe, toa. Jua la utosini ni dakika moja au mbili, mawingu mepesi inaenda tano na kuendelea, mawingu mazito unaweza kungoja robo saa na zaidi na mtoto ameshasahau mlikuwa mnafanya nini. Siku ya mawingu fanyeni kitu kingine. Upangaji wa majani ufanyike ndani, mbali na dirisha, mkiwa mmeweka karatasi juu ya kadibodi ili kuibeba, halafu mnatoka nayo mmeifunika na kadibodi nyingine. Na kwa vile yenyewe inamaliza kazi mapema hakuna haja ya watoto kuungua nayo, weka juani, nyie kaeni kivulini na kofia zenu.

Upepo ndo adui mkubwa. Unyoya bila plastiki juu yake usijaribu.

Kitu ambacho boksi halikuambii ni kwamba karatasi ndo sehemu fupi kuliko zote, shughuli iko kwenye kuokota. Sisi tunatoka asubuhi kabla jua halijapanda, kila mtoto na mfuko wake (mfuko mmoja wa kugawana ni vita), na sheria ni moja, kinachookotwa ni kilichoanguka chenyewe, hatuchumi. Hiyo sheria inaokoa bustani za watu na pia inapunguza kushika mimea tusiyoijua yenye utomvu wa kuwasha, ingawa bado mtu mzima anapitia mifuko kabla ya kurudi, uyoga nje, chochote chenye maziwa nje. Mwanzoni walikuwa wanaokota mawe na makopo, na jiwe likichapwa linatoa duara jeupe, basi, hakuna cha kuangalia. Baada ya kuona hivyo wakaanza wenyewe kuchagua. Jani zuri zima zima halichapi vizuri kama jani lililoliwa na wadudu! Kila tundu linatoka bluu, mpaka zile alama ndogo kiwavi alipong'ata akaacha zinaonekana. Sasa hivi mkubwa anapita chini ya miti anageuza majani moja moja anatafuta yaliyotobolewa zaidi, jana kaniletea moja limebaki mishipa tu, nyama yote imeliwa, na lile ndo limetoa picha bora kuliko zote tulizonazo. Ua lenye petali nyembamba nalo ni zuri, mwanga unapenya kidogo kwa hiyo linatoka bluu ya katikati, sio jeupe. Mchanga ukinyunyiza unatoa nukta nukta. Muhimu kila kitu kiwe kikavu na kilale bapa, jani lenye umande linaacha madoa, na tawi lililonyanyuka linatoka na kingo zenye ukungu.

Na majaribio ya ziada, hili nalipenda kuliko yote. Chukua ile plastiki, mwache mtoto apake losheni ya kukinga jua kwa kidole, achore anachotaka, halafu iwekeni juu ya karatasi, upande wenye losheni uangalie juu, mpeleke juani. Palipopakwa panatoka pamepauka kwa sababu losheni imezuia miale ya UV, na losheni yenyewe kwa macho ilikuwa karibu haionekani. Mimi kila asubuhi nilikuwa nakimbizana na mtu kumpaka losheni usoni, analia utadhani namvua ngozi. Baada ya kuona mchoro wake umetoka kwenye karatasi akaileta chupa mwenyewe. Siahidi kwamba itakuwa hivyo kwako, wa kwangu ameshaanza tena kukwepa masikio, ila kwa siku kadhaa ilikuwa raha.

Kuna watu watasema mbona karatasi za rangi za kawaida, zile za shule, ukiziweka juani na jani juu zinapauka na unapata picha hivyo hivyo kwa bei ndogo. Ni kweli, inafanya kazi, zile za buluu na zambarau hasa zinapauka vizuri. Lakini inachukua masaa, mara nyingi siku nzima au zaidi, na hakuna ile sehemu ya maji. Kwa mtoto wa miaka mitatu kitu unachokiweka asubuhi ukakiona kesho ni vitu viwili visivyohusiana. Kwa wa miaka saba au nane sawa, waweza kuanza na hiyo.

Kusuuza, usitumie maji yenye sabuni, na zaidi sana sabuni ya unga, bluu hii na magadi haviivani, inafifia. Maji safi tu, mpaka yasitoke na rangi. Ukitaka ikolee papo hapo kamulia matone machache ya limao kwenye maji ya mwisho, japo ukiiacha ikauke yenyewe mpaka kesho itafika pale pale. Kausheni zikiwa zimelala juu ya taulo, zikikauka zinajikunja kidogo, ziwekeni chini ya vitabu vizito. Usizibandike ukutani pale jua linapoingia maana zinapauka, na ikishapauka usiitupe, iweke kwenye droo gizani siku kadhaa, bluu inarudi yenyewe kwa kiasi kikubwa. Hii niliisoma nikaona ni hadithi, nimejaribu, ni kweli.

Mi pakiti nyingine ntanunua, ila sio hii yenye plastiki. Wanauza karatasi peke yake, nyingi zaidi na kubwa zaidi, na kwa kubania natumia fremu za picha, zile za plastiki mbele, sio kioo, kioo kinapunguza miale ya UV na sitaki kioo karibu na mlinzi wa kivuli akiwa kazini. Kila mtoto na fremu yake. Ukikuta yenye kingo nyembamba chukua hiyo, kingo nene zinatia kivuli pembeni na mtu atakuja kukulalamikia.