Santal 33 na Tam Dao: Msandali Upi Ununuliwe?

Anayetafuta manukato ya msandali nje ya majina yanayojaa kila duka hukutana upesi na chupa mbili: Santal 33 ya Le Labo, iliyotungwa na Frank Voelkl na kutoka mwaka 2011, na Tam Dao, ambayo Diptyque ya Paris iliitoa mwaka 2003 na kuipa jina la milima ya kaskazini mwa Vietnam. Kwa kuwa zote hujinadi kwa msandali, ni rahisi kudhani kwamba zinatofautiana kwa chupa na bei tu, lakini ukizipaka moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, dhana hiyo haidumu.

Santal 33 (tarakimu hiyo ni hesabu ya viambato vyake, si daraja la ubora) huanza kwa iliki na ungaunga wa mzizi wa ua la iris, kisha huingia mwerezi, mafunjo na ngozi kavu. Msandali wake ni wa Australia, ambao kwa asili ni mkavu kuliko ule wa Kihindi, kwa hiyo anayetarajia ulaini wa maziwa hataupata hapa. Kinachotawala ni ngozi, moshi hafifu na ambroksani, kiambato cha maabara kinachoifanya harufu imtangulie mvaaji mlangoni na kubaki chumbani akishaondoka. Wapo wanaosikia ndani yake achari ya matango. Mimi huisikia mwanzoni tu, ila asiyeipenda hawezi kufarijiwa kwa maneno hayo. Zaidi ya hayo, imevaliwa na watu wengi mno kiasi kwamba anayenunua manukato adimu ili asifanane na yeyote atakuwa amelipia sifa ambayo haipo tena.

Tam Dao haina fujo. Mberoshi na mwerezi huipa ubichi wa mti uliopasuliwa sasa hivi, kisha msandali hulainika na kukaa karibu na ngozi, mahali ambapo husikika na aliye jirani tu. Udhaifu wake ni kutodumu: toleo lililoandikwa eau de toilette, yaani lile jepesi lenye mafuta machache ya manukato, hufifia mapema, na ndiyo maana ningemshauri mnunuzi achukue eau de parfum, ambayo ni nzito na laini zaidi.

Hukumu isitolewe kwa kunusa kipande cha karatasi dukani, kwa sababu molekuli za msandali ni nzito na huvukiza polepole, hivyo sura halisi hujitokeza kwenye ngozi baada ya saa kadhaa. Kwa kipimo hicho, anayeutaka msandali wenyewe anunue Tam Dao, nami ndiyo ninayoichagua. Anayetaka kutambuliwa kabla hajasalimia achukue Santal 33, na kichupa cha mililita 15 kitamtosha kwa muda mrefu, maana mpulizo mmoja au miwili humaliza kazi.