Joto au halijoto?

Wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja. Halijoto husomwa kwenye kipimajoto, kwa nyuzi za Selsiasi. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, nayo hupimwa kwa jouli.

Cheche ya grenda, mashine ya kukatia chuma, huweza kuzidi nyuzi 1,000, lakini ikikuangukia mkononi mara nyingi hufa kabla hujaikung'uta, kwa kuwa ni chembe ndogo mno, haina joto jingi la kukupa. Lakini ndoo ya maji ya nyuzi 60 tu itakubabua vibaya, kwa kuwa ina joto jingi la kukupa.

Ninachokipenda zaidi ni barafu inayoyeyuka ndani ya maji: joto linaingia muda wote, ilhali kipimajoto kimegota kwenye 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe.