Tuisheni ya Kiingereza ya jioni, Kondele: inafaa, ila magoti yataumia

Mimi ni fundi wa simu hapa Kisumu, na wateja wengine huniandikia kwa Kiingereza tu. Ndiyo nikajiunga na tuisheni hii ya watu wazima. Ada ni shilingi 200 kwa kipindi, unalipa kwa M-Pesa ukiingia.

Mwalimu anajua kazi yake. Zile nyakati sahili tatu za Kiingereza, yaani uliopo, uliopita na ujao, alizianzia kwenye Kiswahili chetu. Wengi tulidhani "I go" ni "ninaenda". Hapana, iweke karibu na "huenda": jambo la kila siku, au la ratiba, kama basi linaloondoka saa kumi na mbili. Ukiwa njiani sasa hivi, sema "I am going". Kwa hilo tu niliona pesa yangu haikupotea bure.

Jioni moja mama muuza omena akauliza, "Did he went?" Mwalimu akacheka kidogo. "Mama, 'did' imeshabeba wakati uliopita. Kitenzi usikitwike tena. 'Did he go?'" Hata kwa "does" ni hivyo hivyo: ile "s" ya "he goes" huhamia huko, kitenzi kinabaki kitupu. Wakati ujao hauna makuu, ni "will" na kitenzi kama kilivyo.

Kasoro? Vitenzi visivyofuata "-ed" ya wakati uliopita, kina "went" na "bought", tulirushiwa kwenye fotokopi iliyofifia tukakariri wenyewe. Viti navyo ni vya watoto wa chekechea, jamani! Stima ikipotea, somo huendelea kwa tochi za simu. Nyota nne kwa tano. Nenda na chaji ya kutosha.