Vyombo vya kuhifadhia vifaa vya mandhari ya maketi: nini kinunuliwe kwanza Lubumbashi

Anayejenga maketi zenye mandhari, yaani mifano midogo ya majengo na mahali, mjini Lubumbashi, awe mwanafunzi wa usanifu majengo, mpenzi wa treni ndogo au mwanaparokia anayetayarisha pango la Noeli, hufika mahali ambapo vifaa vyake vinachukua nafasi kubwa kuliko maketi yenyewe. Nyasi za nailoni, sponji iliyosagwa, pumba za mbao zilizotiwa rangi, kokoto za njia ya reli, mchanga uliochekechwa na unga wa plasta hujaa katika mifuko iliyofungwa mafundo, na kila fundo likifunguliwa kidogo humwagika. Hapo ndipo mtu huenda sokoni kutafuta vyombo, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu jicho hutazama sanduku ilhali kinacholinda vifaa ni kifuniko. Orodha ifuatayo imepangwa kwa kipimo hicho: chombo chenye kifuniko kinachoziba vizuri kimewekwa mbele ya chombo kizuri kisichoziba, hata kama cha pili ni cha bei nafuu na kinapendeza zaidi rafuni.

Kipimo hicho kinatokana na hali ya hewa yetu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na mvua yake, ambayo kwa mwaka hufikia karibu milimita 1,200, hunyesha hasa kati ya Novemba na Machi. Kisha, kuanzia Mei hadi Septemba, mvua karibu hainyeshi kabisa na vumbi jekundu huingia kila mahali. Misimu hiyo miwili huharibu vifaa kwa njia tofauti. Wakati wa mvua, nyasi za nailoni hunyonya unyevu na kushikana vibonge, plasta huanza kuganda ndani ya mfuko wake, na pumba za mbao ambazo hazikukauka vizuri huota ukungu. Wakati wa kiangazi, vumbi huchafua rangi ya sponji taratibu kiasi kwamba mwenyewe haoni mpaka afungue mfuko mpya na kuweka vitu viwili hivyo bega kwa bega. Chombo kinachofaa lazima kishinde misimu yote miwili.

Kabla ya kuchagua ukubwa, jua ujazo wa kile unachohifadhi. Mfuko wa kawaida wa sponji iliyosagwa wa Woodland Scenics, kampuni ya vifaa vya maketi, una sentimita za ujazo 353, na chupa yao ya kunyunyizia ina 945. Kwa hiyo mkebe wa nusu lita unapokea mfuko mmoja ukabaki na nafasi ya kuingiza kijiko, na mkebe wa lita moja unapokea chupa nzima. Kokoto na mchanga ni vizito, na chombo kinachozidi lita mbili kikijazwa vitu hivyo na kunyanyuliwa kila siku, mpini au kifuniko chake kitachoka mapema.

Nafasi ya kwanza: mikebe ya plastiki ya chakula yenye klipu nne

Kwa nyasi, sponji, pumba na kila kitu chepesi chenye rangi, sijaona chombo kinachoushinda mkebe wa chakula wa pembe nne, unaopitisha mwanga, wenye klipu pande zote nne na mpira wa kuzibia uliozungushwa ndani ya mfereji wa kifuniko. Mikebe hii inapatikana katika soko la mtaa wa Kenya, katika soko la Mzee Kabila na kwenye maduka ya vyombo vya jikoni ya katikati ya mji, ikiuzwa mmoja mmoja au kwa seti. Geuza mkebe uangalie chini: nambari 5 ndani ya pembetatu ya mishale inamaanisha polipropilini, plastiki inayojikunja bila kuvunjika na isiyodhuriwa kwa urahisi na kole (gundi) za maketi. Nambari 6 ni polistirini, ambayo hung'aa kama kioo lakini hupasuka kwenye bawaba na huyeyuka ikidondokewa na kole ya kuunganishia plastiki.

Mkebe ujaribiwe pale pale dukani, na hakuna muuzaji mwenye haki ya kukasirika. Vuta mpira kwa ukucha uone kama ni kipande kimoja kisicho na kiungo kilichoachana, urudishe, funga klipu zote nne, kisha ukandamize mkebe mtupu kwa viganja viwili huku ukiuweka karibu na shavu. Hewa ikitoka utaisikia kwenye ngozi kabla ya kuisikia kwa sikio, na mara nyingi itatokea kwenye pembe, kwa kuwa hapo ndipo mpira hauukandamizi ukingo sawasawa. Nyumbani, fanya jaribio la pili lililo kali zaidi: weka karatasi kavu ya choo ndani, funga, zamisha mkebe katika ndoo ya maji, uwekee jiwe juu na uuache robo saa. Karatasi ikitoka kavu, plasta yako na nyasi zako zitavuka Januari salama. Ikitoka na doa la unyevu, mkebe huo utumike kwa kokoto tu.

Nashauri pia kununua mikebe ya aina moja na ukubwa usiozidi miwili. Pembe nne hupangika bila kupoteza nafasi, na klipu ikivunjika kifuniko cha mkebe mwingine hufaa. Seti ya ukubwa saba tofauti ni hasara, hata ikiwa imepunguzwa bei, kwa sababu mikebe midogo iliyomo haitoshi hata mfuko mmoja.

Nafasi ya pili: mitungi ya plastiki yenye mdomo mpana

Mitungi ya mayonezi na siagi ya karanga, inayouzwa mitupu na wauzaji wa chupa sokoni au inayokusanywa nyumbani, ni chaguo la mtu mwenye bajeti ndogo, na kwa kokoto, mchanga na udongo uliochekechwa inatosha kabisa. Kifuniko chake cha kuzungusha huziba vizuri kikiwa na karatasi yake nene ya ndani. Karatasi hiyo ikiwa imetolewa, usinunue mtungi huo. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, si maji yanayochemka, kwa kuwa PET, yenye nambari 1, hujikunyata kwa joto kali. Mafuta yakibaki ukutani, kila kitakachoingia kitanata hapo.

Mitungi hii ina tatizo moja linalohusu nyasi za nailoni. Katika miezi mikavu ya Juni na Julai, nyuzi za milimita 2 hupanda ukutani mwa mtungi kwa umeme tuli, zikasimama wima kama manyoya, na kifuniko kikifunguliwa hurukia vidoleni na kwenye mkono wa shati. Kupangusa ndani kwa kitambaa chenye maji yaliyochanganywa na tone la sabuni, kisha kuacha kukauke bila kusuuza, kunapunguza tabia hiyo kwa muda. Mikebe ya polipropilini nayo ina umeme huo, ila upana wake huruhusu kuchota nyasi kwa kijiko bila kugusa kuta.

Hapa inafaa kueleza kwa nini urefu wa nyasi utenganishwe katika vyombo, jambo ambalo wengi hulipuuza. Katika kipimo cha 1:87, ambapo kitu halisi kimepunguzwa mara 87, nyuzi za milimita 2 ni nyasi za sentimita 17, kama za uwanja wa shule. Za milimita 12 ni nyasi za zaidi ya mita moja, kama zile za pembeni mwa njia ya Likasi mwezi wa Machi. Zikichanganyika hazitenganishiki tena, na maketi inapoteza kile kinachofanya msitu wetu wa miombo utambulike: nyasi ndefu zilizokauka juu ya ardhi nyekundu, na vichuguu vikubwa kati ya miti. Kila urefu na kila rangi, basi, chombo chake.

Nafasi ya tatu: ndoo za rangi zenye mpira

Plasta haiwezi kuhifadhiwa katika mfuko wake wa karatasi uliofunguliwa, hata ukikunjwa vipi. Inyonyapo unyevu wa hewa, huganda haraka kupita kiasi ikikorogwa, au inabaki dhaifu na kumeguka ukingoni. Iweke katika mfuko mzito wa plastiki, utoe hewa, ufunge, kisha mfuko wote uingie katika ndoo ya rangi iliyosafishwa, ya lita 4 au 20, ambayo kifuniko chake bado kina mpira. Mafundi rangi huziuza zikishatumika. Chagua ile iliyokuwa na rangi ya maji, maana ya rangi ya mafuta haisafishiki hadi mwisho. Ndoo isiwekwe moja kwa moja kwenye saruji. Vipande viwili vya ubao chini yake vinatosha.

Nafasi ya nne: masanduku ya skrubu yenye vyumba

Ni mazuri kwa vitu vinavyohesabika: watu wadogo, magari, miti iliyokamilika, vishungi vya nyasi vilivyobandikwa kwenye karatasi. Kwa unga wowote hayafai, kwa kuwa kati ya kiambaza na kifuniko hubaki upenyo, na sanduku likisimamishwa wima njiani, mchanga wa chumba kimoja utakutwa katika vyumba vitano. Mengi yake ni polistirini, kwa hiyo yakae mbali na kole.

Nafasi ya tano: mitungi ya kioo

Kioo hakipitishi unyevu wala hakishiki umeme tuli kama plastiki, na kwa ubora wa kuhifadhi kingestahili nafasi ya pili. Nimekishusha kwa sababu ya uzito, na kwa sababu mtungi ukianguka juu ya sakafu ya saruji, kila chembe ya sponji iliyomwagika inakuwa na kigae ndani yake, na yote ni ya kutupwa. Kitumike kwa rangi za unga na rangi zilizochanganywa tayari, kwa kiasi kidogo, kwenye rafu ya chini.

Nafasi ya sita: makopo ya maziwa ya unga

Yanapatikana katika kila nyumba, nayo huzuia mwanga, jambo lenye thamani kwa kuwa jua hufubaza rangi za sponji na pumba. Hata hivyo, kifuniko chake chembamba cha plastiki hulegea upesi, ukingo wake hushika kutu msimu wa mvua, na kutu hiyo hudondokea ndani. Ni afadhali mikebe inayoonyesha kilichomo, iliyowekwa ndani ya kabati au kartoni isiyofikiwa na jua.

Vitu vidogo vya kuongeza kwenye kapu

Vifuko vya silika, chembe zinazonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya viatu na vyombo vya umeme vinafaa kuwekwa pamoja na nyasi na kole ya haraka, ilimradi havijakaa wazi kwa miezi kadhaa, maana vimeshashiba unyevu. Ukinunua silika inayobadilika rangi, chukua ya chungwa badala ya ile ya buluu, ambayo hutiwa kloridi ya kobalti; mji huu una kobalti ya kutosha vumbini bila kuiongeza mezani. Silika isiwekwe pamoja na likeni laini ya kutengenezea vichaka, kwa kuwa likeni hiyo hubaki laini kwa sababu ya gliserini na unyevu iliyonao, na ikikaushwa hukatika vipande.

Nunua pia utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika. Andika jina, urefu au ukubwa wa chembe, na tarehe, kwenye mwili wa chombo wala si kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana. Kando ya maandishi, paka kole nyeupe kidogo kwenye kipande cha kadi, nyunyizia kifaa chenyewe, na ubandike kadi hiyo: rangi iliyokauka juu ya kole huonekana tofauti na rangi ya rundo, na hiyo ndiyo unayotaka kuiona unapochagua. Kwa kunyunyizia, vichupa viwili au vitatu vya viungo vyenye matundu vinatosha, vijazwe wakati wa kazi na virudishwe vitupu.

Vifaa vya kuokota navyo vinahitaji maandalizi kabla ya kufungiwa, la sivyo chombo kizuri kitahifadhi wadudu na ukungu. Udongo wa kichuguu, ukichekechwa, hutoa wekundu ambao hakuna duka linalouuza. Mchanga wa mtoni na pumba za kwa seremala ni za bure au karibu na bure. Kaanga udongo na mchanga katika sufuria kuukuu juu ya mbabula (jiko la makaa), nje ya nyumba, mpaka mvuke uishe, uache upoe, kisha upitishe sumaku iliyofungwa katika karatasi ili kuondoa chembe za chuma ambazo zingeingia katika mota ya treni. Pumba zianikwe juani tu, zikigeuzwa. Usichukue kamwe mchanga wala majivu karibu na terili, kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kando ya bomba refu la moshi, hata kama chembe zake zinafanana sana na kokoto za reli. Vumbi lake lina metali nzito, na kulichekecha ndani ya chumba wanamolala watoto ni hatari ya kweli. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, nayo isisagwe kwa ajili ya rangi ya kijani.

Mwenye fedha kidogo anunue kwanza mikebe minne ya lita moja yenye klipu, kwa nyasi na sponji, na ndoo moja ya plasta kabla ya mvua ya Novemba. Kokoto na mchanga vinaweza kungoja katika mitungi ya mayonezi, na masanduku ya skrubu yanunuliwe pale ambapo watu na magari madogo yameanza kupotea.