Cote ya New York: nyama ya Kikorea, na mchomaji anayeijua kazi yake

Jamaa wengi wameshaniuliza kama kweli Cote, mgahawa wa nyama ya Kikorea ya kuchomewa mezani, inastahili pesa wanayotoza. Nasema inastahili, na sababu yangu ya kwanza si nyama, ingawa nyama yao ni nzuri mno. Sababu ni yule mtu anayesimama kwenye meza yenu na koleo mkononi. Sisi tuliokulia kwenye nyama choma tunajua kwamba mchomaji mbovu anaweza kuharibu ng'ombe mzuri kwa dakika chache tu, na mchomaji hodari akakulisha nyama ya kawaida ukajilamba vidole. Pale Cote unapata nyama bora na mchomaji bora kwa wakati mmoja, na hilo ni nadra kulikuta popote.

Mgahawa upo Manhattan, mtaa wa 22 upande wa magharibi, hatua chache kutoka lile jengo jembamba la pembetatu linaloitwa Flatiron. Wengi wetu nyama ya Kikorea tumeionjea kwanza mtaa wa 32, kati ya Broadway na Fifth Avenue, ambako migahawa ya Kikorea imejazana mlango kwa mlango. Kule taa ni kali, moshi unakuingia mpaka kwenye koti, na aghalabu unachoma mwenyewe. Simon Kim, mwenye Cote, alizaliwa Seoul akahamia Marekani akiwa bado mdogo. Mwaka 2017 alifungua mgahawa huu kwa wazo ambalo ukilifikiria ni la kawaida kabisa: Wakorea wana namna yao ya kula nyama iliyochomwa mezani, na New York ina desturi yake ya steki, maana kuna migahawa ya steki kama Keens ulioanza 1885 na Peter Luger ulioanza 1887. Akaamua kuzioanisha. Mwaka huohuo Michelin, wale wa kitabu maarufu kinachopima migahawa, wakampa nyota moja. Siku hizi wako pia Miami na Singapore, lakini mimi nazungumzia huu wa New York, maana ndio niliokula.

Nilikwenda na mke wangu na shemeji yangu, kaka yake, aliyekuja kututembelea kutoka Dodoma. Shemeji amefanya kazi ya bucha tangu ujana wake. Nilitaka hasa aone mambo haya kwa macho yake, kwa sababu mimi naweza kusema nyama ni tamu, lakini yeye atakwambia ni kwa nini.

Ndani kuna giza la makusudi, taa chache, kuta nyeusi, muziki unaosikika vizuri. Katikati ya kila meza kuna jiko la duara lililozamishwa ndani ya meza yenyewe. Hakuna dohani inayoning'inia juu ya vichwa, kwa sababu moshi unavutwa chini, pembeni mwa jiko, kabla haujakufikia. Tulitoka pale nguo zetu zikiwa hazinuki moshi. Mke wangu, aliyekuwa amevaa kitenge chake kipya, alilishukuru hilo kuliko kitu kingine chochote.

Menyu ina mambo mengi ila mimi nawashauri msihangaike. Agizeni kile wanachokiita Butcher's Feast, mlo uliopangwa wa vipande vinne vya nyama pamoja na mboga, supu, wali na kitindamlo. Sinia lilikuja kwanza na nyama mbichi, wakatuonyesha kipande kimoja kimoja. Hapo shemeji akainama akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akamwonyesha mhudumu kwa kidole zile nyuzi nyeupe za mafuta zilizopenya ndani ya mnofu, akaniambia, "Shemeji, hii haikuchungwa. Hii ililishwa ndani." Mhudumu alipoelezwa akakubali kwa kichwa: ni ng'ombe wa kulishwa nafaka, daraja la Prime, ambalo ndilo la juu kabisa kwa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na mafuta yale ndiyo yanayopimwa.

Kabla ya nyama kuwekwa, mhudumu alichukua kipande cha mafuta ya ng'ombe akakipitisha juu ya jiko taratibu, duara baada ya duara, mpaka chuma kikang'aa. Hakumimina mafuta ya chupa. Kisha akaweka kipande cha kwanza na kukiacha. Hakukigeuza ovyo, hakukibonyeza, hakukichomachoma. Alisubiri mpaka upande wa chini ukashika rangi ya kahawia iliyokolea, akakigeuza mara moja, akaweka chumvi kidogo, akakikata kwa mkasi, vipande vya kutosha mdomo mmoja. Shemeji akasema, "Huyu kijana amefundishwa." Kwa mtu wa bucha hiyo ni sifa kubwa.

Kipande hicho cha kwanza kwa Kiingereza wanakiita hanger. Kinatoka jirani na kiwambo cha ng'ombe, ule msuli unaotenganisha mapafu na tumbo, na kila mnyama anatoa kimoja tu. Zamani wauza nyama wa Marekani hawakukipanga kaunta, walikipeleka nyumbani kwao. Nilipomsimulia hivyo shemeji alicheka sana, akasema hata Dodoma vipo vipande ambavyo mteja havioni. Kina ladha nzito ya nyama, karibu na ya maini lakini laini zaidi, na kwangu mimi hicho ndicho kilikuwa bora kati ya vyote vinne. Najua wengi watasema ribeye, ule mnofu wa mbavuni. Sibishani nao.

Ribeye yao imekomazwa, maana yake imekaa wiki kadhaa kwenye chumba cha baridi chenye hewa inayozunguka, bila kufunikwa. Chumba chenyewe kipo chini ya mgahawa, kina taa nyekundu, na unaweza kukiona. Hapa ndipo shemeji alipopata shida kidogo, na nadhani wasomaji wengi wa kwetu watapata shida hiyohiyo. Kwetu nyama nzuri ni ya leo. Ng'ombe kachinjwa alfajiri, saa sita mchana nyama imekwisha, na muuzaji anajivunia hilo. Kumwambia mtu kama huyo kwamba nyama imekaa mwezi na ndiyo inauzwa ghali zaidi ni kumtaka aamini mengi. Tukaelezana. Ikikaa vile inapoteza maji, ladha inajikusanya, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vinalegeza nyuzi za msuli. Ganda la nje linalokauka hukatwa na kutupwa, ndiyo maana bei inapanda, kwa kuwa sehemu ya uzito ulionunuliwa imeondoka na maji na nyingine imekwenda na ganda. Alionja. Akatafuna taratibu. Akasema ina harufu ya njugu zilizokaangwa na kwamba meno hayafanyi kazi. Halafu akanyoosha mkono kuchukua cha pili.

Suala la kuiva nalo lazima niliseme wazi. Desturi yao ni kuitoa nyama ikiwa bado nyekundu katikati. Mke wangu hali nyama ya namna hiyo na hana mpango wa kuanza. Nimewahi kula kwenye mgahawa mwingine wa steki hapahapa mjini, sitautaja jina, ambapo alipoomba iive zaidi walimtazama kana kwamba amewatukana, na sahani ikarudi na nyama ngumu na baridi. Cote mhudumu alimuuliza kabla hajawasha jiko, akazitenga zake upande mmoja, akazikata nyembamba zaidi ili ziive ndani bila kukauka. Zililetwa zikiwa moto, zimeiva sawasawa, na bado zina majimaji yake. Huu ndio uzuri wa kuchomewa mezani: mpo watatu na kila mtu anakula kwa namna yake, kutoka jiko moja, kwa wakati mmoja. Steki kubwa ya kwenye sahani haiwezi kukupa hilo. Tena ile ukifika katikati imeshapoa, mafuta yameganda, unaimaliza kwa sababu umeilipia. Hapa kila tonge linatoka motoni.

Cha mwisho huwa galbi, mbavu zilizolowekwa kwenye mchuzi wa soya, kitunguu saumu, sukari na mafuta ya ufuta, mchanganyiko ambao Wakorea wengi huutia tunda la pea ili kulainisha nyama. Wanaiweka mwisho kwa sababu sukari huungua na kugandia kwenye chuma, na ingetangulia, nyama nyingine zote zingeshika ule utamu na uchungu wa kuungua. Mpangilio wote una akili hiyo. Unaanza na nyama tupu na chumvi, unapanda kwenye mafuta, unamalizia na viungo. Galbi ndiyo iliyomteka mke wangu. Ina utamu kidogo, imeshika rangi pembeni, na ukiila na wali hutaki kuacha.

Sasa vile vinavyoizunguka nyama, maana bila hivyo huu ungekuwa mlo mzito usiokwisha. Kuna majani ya saladi ya kufungia nyama, kuna ssamjang, ambayo ni soya iliyochachushwa ikachanganywa na pilipili, kuna kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na achari nyingine, na kuna vitunguu majani vilivyochambuliwa nyuzinyuzi na kukolezwa pilipili na siki. Unachukua jani kiganjani, unaweka nyama, tone la ssamjang, vitunguu kidogo, unafunga, unatia mdomoni lote kwa mara moja. Ukali na uchachu unakata mafuta, na mdomo unakuwa tayari kwa kipande kingine. Tulikula kwa mkono na hakuna aliyetushangaa, kwa sababu ndivyo inavyoliwa. Shemeji alistarehe kabisa tangu hapo.

Yai la mvuke lililetwa kwenye chungu likiwa limeumuka na bado linatetemeka, laini mno, na hilo ningelila peke yake asubuhi yoyote. Supu ni mbili: moja ya kimchi yenye pilipili ya kutosha, nyingine ya soya iliyochachushwa. Hiyo ya pili ina harufu ambayo si kila mtu ataipenda mara ya kwanza. Ipeni nafasi, imwagieni kwenye wali. Kitindamlo ni aiskrimu laini ya vanila yenye karameli iliyotiwa mchuzi wa soya, na ile chumvi kidogo inaizuia isizidi utamu. Ilikuwa kiasi kilekile nilichokitaka baada ya nyama yote ile.

Je, mtashiba? Shemeji alilitazama sinia la nyama mbichi akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kilo ngapi, kwa kuwa kwetu watu wazima watatu wakikaa mezani kilo mbili ni mwanzo tu. Sinia halikufika huko. Lakini nyama ile ina mafuta mengi, inakuja polepole, na kati yake kuna wali, supu na mboga. Mwisho wa mlo sote watatu tulikuwa tumeshiba, na hakuna aliyeagiza cha kuongezea. Kwa hiyo msiingie na kipimo cha kilo kichwani. Wala sioni haja ya kuongeza wagyu, ile nyama ya ng'ombe wa Kijapani yenye mafuta mengi, ambayo wanaiuza kando kwa bei yake. Ni nyama nzuri, ila mafuta yake yanakinai upesi, na baada ya vile vipande vinne hamtaitendea haki.

Ndugu zangu Waislamu, pigeni simu kabla mkaulize habari za uchinjaji, msisubiri mpaka mmekaa. Pia fahamuni kwamba kimchi mara nyingi hutengenezwa kwa dagaa au kamba waliotiwa chumvi, na supu za Kikorea zinaweza kuwa na nguruwe. Nao wenye mzio wa samaki, soya au ufuta waseme mapema, maana soya na ufuta vimo karibu kila mahali.

Tukija kwenye pesa. Walipofungua, Butcher's Feast ilikuwa dola 45 kwa mtu. Imepanda sana tangu hapo, sasa pangeni kama dola 80, na bei ya siku hiyo mtaiona kwenye menyu yao mtandaoni. Juu yake kuna kodi ya mauzo ya New York, asilimia 8.875, na bakshishi ambayo kwa desturi ya hapa ni asilimia 20. Ina maana watu watatu mkinywa maji tu mtatumia dola zaidi ya 300. Orodha yao ya mvinyo ni kubwa na inasifika, lakini ndiyo inayoweza kuipandisha hesabu mara mbili kabla hamjatahamaki. Bakshishi ile nililipa bila kinyongo, kwa kuwa kijana yule alisimama nasi muda mrefu, akachoma kila kipande kwa mkono wake, na hakukiunguza hata kimoja.

Nafasi za saa moja na saa mbili usiku wikendi huisha mapema sana, kwa hiyo wekeni nafasi wiki kadhaa kabla. Kama mmechelewa, tafuteni saa kumi na moja jioni katikati ya wiki, au baada ya saa nne usiku. Na mkiwa wanne ni bora kuliko wawili, kwa sababu jiko linajaa, nyama inatoka mfululizo, na kila mtu anapata nafasi ya kusimulia mwenzake anapokuwa anatafuna.