Uzoefu wangu na kifaa cha kusikilizia noki baada ya kubadili injini

Injini niliyofunga ni kubwa kuliko ile iliyotoka, lakini mlimani gari lilikuwa linachoka vibaya. Niliposoma data nikaona sababu: kila nikikanyaga mafuta na kuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika, kompyuta ya gari ilikuwa inarudisha taimingi nyuma kwa digrii 8, yaani inachelewesha cheche, ikiamini injini inagonga (ndiyo noki: mafuta kujilipukia ovyo ndani ya silinda). Fundi wa kwanza alinishauri nikate waya wa sensa ya noki nifunge rizista ya kuidanganya kompyuta, itulie. Nilikataa, na ukipewa ushauri huo nawe ukatae. Noki ya kweli inaweza kutoboa pistoni, na sensa hiyo ndiyo sikio la kompyuta.

Badala yake nilinunua kifaa cha kusikilizia: sensa yake ya kufunga kwenye bloku kwa bolti, kisanduku cha kukuza sauti, na hedifoni. Siku ya kwanza sikuelewa kitu, kelele tupu. Injekta zinatika, tapeti zinagonga, mnyororo wa taimingi unavuma. Ilinichukua jioni tatu kuzizoea. Noki yenyewe ni tofauti kabisa: mlio mkavu, mkali, kama changarawe inayorushwa kwenye debe, na huja injini inapobeba mzigo.

Nikampa ndugu yangu usukani, mimi nikakaa pembeni na hedifoni masikioni na data mbele yangu. Taimingi ilikuwa inarudi nyuma, na changarawe sikuisikia hata mara moja. Nilichosikia ni mtetemo wa bati, palepale kwenye mizunguko 3,000. Tulipoinua gari tukakuta bati la kuzuia joto linagusa bomba la moshi, kwa sababu injini mpya imekaa chini kidogo kuliko ya zamani. Kulikunja tu kulipunguza nusu ya tatizo.

Nusu nyingine ilikuwa sensa yenyewe. Tulikuwa tumehamisha ile ya injini ya zamani kwa vile plagi yake iliingia kwenye waya zilizopo. Kumbe ni aina iliyotengenezwa iitikie masafa ya injini moja tu. Masafa ya noki hutegemea upana wa silinda: silinda ikiwa pana, mlio unashuka. Yangu ya zamani ilikuwa na milimita 76, noki yake iko karibu na kilohezi 7.5, hii ya sasa ina 86, ni kama 6.7. Kwa hiyo sensa ilikuwa inaitikia zaidi kelele za vyuma kuliko noki ya injini hii. Tena chini yake kulikuwa na washa, kile kipete cha chuma cha bolti, eti bolti ilikuwa ndefu. Washa haitakiwi pale. Sensa ikae chuma kwa chuma, juu ya sehemu iliyosafishwa kutu na rangi. Nimefunga ya aina bapa, inayosikia masafa mapana, kwa spana ya toki kwenye Nm 20, kisha aliyepanga programu ya kompyuta ya gari akabadilisha masafa ya kusikiliza.

Sasa taimingi hairudi nyuma, isipokuwa digrii 1 au 2 siku ya joto kali nikiwa na mafuta ya oktani ya chini, na hapo kwenye hedifoni nasikia changarawe mbili tatu kweli. Hiyo ndiyo kazi ya sensa, siigusi.

Kuhusu kifaa chenyewe: kisanduku ni imara na sauti ni safi. Waya ni mfupi, ilibidi niurefushe kwa waya wenye ngao. Hakirekodi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana ningependa kumsikilizisha fundi yule wa rizista. Usikitumie ukiwa peke yako. Anayeendesha hawezi kufunika masikio yake.